Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni
YAH: PONGEZI KWA KUWAKINGA WANANCHI NA BAHARI

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea pongezi. Manispaa yako ina ufuo unaoanzia Oysterbay, ukapita Msasani, Kawe na Kunduchi hadi Mbweni, na bado tunakaribia kuishi kama watu wa Dodoma. Ukuta unafuata ukuta, na katikati kimebaki kichochoro anachopita mchuuzi mmoja, ubavuubavu, ndoo ya samaki kichwani. Ngalawa yenye matengo pande zote mbili haithubutu. Pale Slipway, palipokuwa karakana ya boti, sasa tunalamba aiskrimu tukiitazama Ghuba ya Msasani. Maendeleo hayo.

Wala simlaumu mtu kwa uvivu, maana chombo chenyewe kimeshughulikiwa kikamilifu. Mvuvi anatakiwa leseni. TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, wanataka chombo kikaguliwe na jaketi okozi ziwemo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Vizuri sana. Lakini mita 60 zilizolindwa kwenye karatasi zina faida gani kama njia ya kuzifikia imezibwa? Tumempata mvuvi aliye halali kuanzia omo hadi tezi, asiye na pa kushushia chombo.

Najua mtanijibu kwamba diko la wazi hualika magendo. Mwenye magendo hutafuta pasipo na macho, na dikoni macho hayakosekani: wachuuzi, mama lishe na wenye kudai madeni yao wanajua chombo kipi kimetoka na kipi hakijarudi. Mtasema pia ufuo unamomonyoka, na hilo ni zito, kwani Kunduchi bahari imeshakula majengo. Ila kinachotajwa miongoni mwa sababu ni uchimbaji wa mchanga katika mito inayolisha fukwe zetu, na ngalawa haijawahi kuonekana ikipakia mchanga kwenye lori. Tena ukuta uliojengwa majini hurudisha wimbi na nguvu zake, likakomba mchanga wa mbele yake na wa jirani.

Litabaki jibu la fedha. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo chombo kinahitaji mteremko mrefu wa mchanga mgumu, magogo ya kukiviringishia, mikono ya watu, na upana. Mchanga ni wa Mungu, magogo na mikono wavuvi wanayo. Upana ndio uliokwisha kujengewa.

Basi, kabla hujaidhinisha ukuta mwingine, waagize maofisa ardhi washuke na ramani za mipango miji maji yakiwa yamekupwa, wapime kila njia ya umma iendayo baharini, waisimikie mawe ya mipaka, na kipimo cha upana kiwe ngalawa nzima, matengo yakiwa mahali pake.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi wa Kunduchi