Ombi la Bandari, Kerugoya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Nairobi.

KUH: KUJENGEWA BANDARI YA MELI ZA WATALII MJINI KERUGOYA

Mheshimiwa,

Tunajua mji wetu uko mlimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwamba Mombasa ni safari ya kilomita 600 hivi. Hilo lisikusumbue. Kila baada ya miaka mitano huja watu hapa uwanjani kutuahidi mambo magumu kuliko bahari, na tunawapigia makofi.

Tumeomba bandari baada ya kuona jinsi historia ya nchi hii inavyotembelewa. Meli ikitia nanga Kilindini, Mombasa, ngoma zinalia, mabasi yanangoja, na abiria wanaonyeshwa Kenya nzima kabla ya chakula cha jioni. Wanapitishwa Fort Jesus, waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, kisha Mji wa Kale. Wenye miguu mizuri wanafikishwa hadi magofu ya Gedi, wakaone msikiti mkuu, jumba la mfalme na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wanaambiwa kwamba hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini wenyeji waliuhama mji. Wanapiga picha na kima, wanarudi melini.

Hatuna kinyongo na Gedi. UNESCO iliuweka kwenye orodha yake mwaka 2024, na ulistahili zamani. Ila nasi tuna magofu, Mheshimiwa. Ukitoka hapa upite Kutus uteremke hadi Mwea, utafika mahali ambapo serikali ya kikoloni ilipanga kambi zake miaka ya 1950: Thiba, Gathigiriri, Kandongu, Wamumu. Waliozuiliwa humo ndio waliochimba mifereji ya kwanza ya mpunga. Mwaka 1957 ofisa aitwaye Terence Gavaghan alipewa kazi ya kuwavunja waliokataa kukiri kiapo cha Mau Mau, na alitumia kipigo. Pishori unayoandaliwa kwenye hafla za serikali ina ukoo na mifereji hiyo.

Kasoro ya magofu yetu ni kwamba hayana fumbo. Inajulikana nani aliingizwa, nani alimwingiza na kwa nini. Kama wizara inaona fumbo ni lazima kwa biashara, tuko tayari kusahau kidogo. Vijana wa bodaboda nao wamekubali kuvaa kanzu siku za meli.

Usidhani pia kwamba watu wa mlimani ni wageni katika matembezi ya magofu ya pwani. Wapo waliopelekwa huko bure kabisa, usafiri, malazi na ulinzi vikiwa juu ya serikali, tarehe ya kurudi tu ndiyo haikuandikwa. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, alikamatwa Oktoba 1952 akafikishwa kizuizini Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu. Kisiwa hicho ndicho chenye magofu ya mji wa Takwa, ambako leo mgeni hupelekwa kwa mashua maji yakijaa, akaone msikiti wenye nguzo na arudi Lamu kula samaki. Gakaara yeye alirudi na shajara. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikashinda, kwa pamoja na kitabu kingine, Tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika. Sijasikia ikitajwa kwenye mashua.

Na msituambie kwamba gereza haliwezi kuwa kivutio. Fort Jesus yenyewe ilikuwa gereza la Waingereza tangu 1895 hadi 1958, na kufikia 1960 ilikuwa makumbusho. Tiketi zake zinauzwa mpaka leo. Utaalamu mnao.

Soko pia lipo. Melini hamkosi wastaafu wa Kiingereza waliokuwa watoto wa shule Gavaghan akiwa kazini Mwea. Serikali yao ilitangaza Juni 2013 kwamba inasikitika kwa mateso ya enzi hiyo, ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 katika kesi ya walalamishi 5,228. Kwa kuwa wameshalipia, si vibaya waonyeshwe walicholipia.

Bandari ikishindikana, Mheshimiwa, tutaelewa. Bajeti ni bajeti. Lakini vijana waliozuiliwa Wamumu, wale waliobaki, sasa wanakaribia miaka 90 au wameipita. Wanajua kila ua wa seng'enge ulipopita. Tuma mtu mmoja mwenye daftari na kinasa sauti, apande matatu ya Kerugoya, aje awasikilize kabla ya msimu ujao wa meli.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kerugoya