Kwa Waheshimiwa Walinzi wa Nukta

Mwenyekiti,
Kamati ya Shahada za Uzamili,
Chuo (jina nalihifadhi, kama nyinyi mnavyoihifadhi tasnifu yangu).

YAH: KURUDISHIWA TASNIFU KWA MARA YA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nawapongeza. Tasnifu yangu ina kurasa 187 na imekaa ofisini kwenu miezi mitano. Nilipoifungua niliona kwamba safari hii imesomwa kweli kweli, kuanzia ukurasa wa 171 yanapoanzia marejeleo. Kurasa 170 za mbele ni safi kama sahani ya mgeni, hazina hata alama ya kidole. Huko nyuma ndiko kalamu nyekundu ilikotapakaa kama damu ya kuku aliyemponyoka mchinjaji.

Mfano mmoja tu. Ukurasa wa 174, mstari wa sita, baada ya jina la kitabu, kuna nukta. Imezungushiwa duara mara mbili na pembeni pameandikwa: "Imelala. Isimame." Niliazima miwani ya baba, nikaisogeza karatasi dirishani penye mwanga. Waheshimiwa, nukta ni kiduara. Ikilala ni kiduara, ikisimama ni kiduara. Lakini nyinyi mliona kwamba imelala. Jicho la namna hiyo likipelekwa bandarini kukagua makontena, nchi hii itasahau habari ya mikopo.

Mara ya kwanza tasnifu ilirudi kwa sababu sikutaja miji ya uchapishaji. Nikashinda maktaba siku tatu nikifukua miji: huyu Nairobi, huyu Dar es Salaam, huyu London. Mara ya pili ikarudi kwa sababu nimetaja miji. Kumbe mwongozo ulioko idarani ni kopi ya kopi ya toleo la 6 la APA, na ofisi ya uzamili inatumia toleo la 7, la mwaka 2019, lililoifuta miji yote kwa mkupuo mmoja. Kati ya idara na ofisi hiyo kuna ngazi 14. Nimezihesabu nikipanda, nikazihesabu nikishuka. Mara ya tatu kosa lilikuwa kuandika "na" mahali pa "&", katika tasnifu ya Kiswahili. Kijana wa steshenari ya getini ananichapishia sasa kwa mkopo bila hata kuniuliza jina.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na APA yenyewe. Ni chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na mwaka 1929 walichapisha katika jarida lao mwongozo wa kurasa saba ili makala zao zifanane. Kurasa saba! Leo mwongozo huo umepita kurasa 400, na sisi tumeupokea kama mtu anayerithi suti ya marehemu bila kuuliza vipimo. Wengine kwenye kamati, nasikia, bado ni watu wa "Harvard". Hao nawaheshimu zaidi, kwa kuwa wanalinda sheria isiyo na kitabu: Chuo Kikuu cha Harvard hakina mwongozo rasmi wa mtindo unaobeba jina lake. Ule utaratibu wa kuweka jina na mwaka kwenye mabano huhusishwa na mtaalamu wa wanyama wa chuo hicho, Edward Laurens Mark, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala juu ya mayai ya konokono asiye na gamba. Nikitazama mwendo wa faili langu, naona uhusiano na konokono haujakatika.

Kisha kuna majina. Fomu yenu inataka jina la ukoo, mkato, herufi ya kwanza, nukta. Ukoo! Profesa Penina Muhando alichapisha tamthilia ya *Hatia* mwaka 1972, baadaye akaandika kwa jina la Penina Mlama, na ni mama yuleyule. Jirani yangu wa bwenini, mtiifu wa fomu, aliandika kwamba "Mlama anakubaliana na Muhando", akawekewa alama ya vema kwa kulinganisha wataalamu wawili. Naye Adam Shafi, ambaye majalada mengine yanamwita Shafi Adam Shafi, A yake na S yake zinapishana kwenye orodha zetu kama daladala.

Nisije nikaisahau Turnitin, ile programu ya kupima ufanano wa maandishi. Nilipata asilimia 31, nikaitwa ofisini kama mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe. Tulipoifungua ripoti, kipande kirefu kuliko vyote kilichopakwa rangi kilikuwa ukurasa wa tamko, ule ambao chuo kinatuamuru tuunakili neno kwa neno, tusibadilishe hata mkato, kisha tutie saini. Tamko la kwamba sijanakili limekutwa limenakiliwa. Wenye programu yenyewe wanasema asilimia hiyo inaonyesha kufanana tu, si hukumu ya wizi, na kwamba mtu lazima asome ndipo aamue. Hapo kwenye kusoma ndipo tulipokwama.

Sasa nije kwenye lililoniumiza, nalo halihusu nukta.

Utafiti wangu ni wa istilahi za uundaji wa majahazi. Nilikaa Bagamoyo wiki sita, karibu kila siku nimeketi kwenye gogo kando ya fundi mwenye zaidi ya miaka sabini, tezo mkononi, mimi daftari mapajani. Niliyoyaona pale, chuoni sijayaona. Kila nilipouliza neno, mzee hakunipa neno tupu. Siku ya deheni, yaani ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa tumbo la chombo, aliweka tezo chini kwanza. Akasema: "Hili nililipata kwa marehemu baba. Baba alilipata kwa fundi wa Lamu aliyemfunza kazi. Namna ya kuchanganya, hiyo ni ya huku kwetu, usije ukaandika kwamba ni ya wote." Nikaandika. Siku nyingine nilimwuliza neno la sehemu fulani ya mlingoti, akakaa kimya kidogo, akatikisa kichwa: "Hilo nimelisikia kwa mabaharia tu, mwanangu. Mimi sikufundishwa. Usiliandike kwa jina langu."

Waheshimiwa, nawaomba mlirudie hilo jibu la pili. Kuna maprofesa wangapi mnaowajua ambao wangekataa kutajwa?

Na yeye si wa kwanza. Pwani hii ilijua kutaja vyanzo kabla ya fomu zenu kuchapishwa. Aliyesoma hadithi za Mtume anajua isnadi: huchukuliwi kuwa umesema kitu mpaka utaje nani kakupa, na aliyempa yeye ni nani, hadi mwisho wa mnyororo, na kila pete ya mnyororo inakaguliwa kama ni mtu mkweli na kama kumbukumbu yake ni nzuri. Hayo Bukhari aliyafanya katika karne ya 9, bila nukta ya kusimama. Watunzi wa tendi nao walikuwa na desturi ya kufunga kazi kwa jina la mtunzi, tarehe na hesabu ya beti, ili anayenakili baadaye asipunguze wala asiongeze. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitia jina lake na tarehe katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, miaka 71 kabla ya zile kurasa saba za Wamarekani. Malipo yake ni kwamba kwenye orodha yenu anaitwa "Kupona, M."

Basi nikamweka fundi wangu kwenye marejeleo. Mkamkata kwa mstari mnyoofu, wa rula, mkaandika: "Mawasiliano binafsi. Hapatikani kwa msomaji. Ondoa." Najua kanuni hiyo ipo, kwamba orodhani huingia kile tu ambacho msomaji anaweza kukifikia mwenyewe. Ila fundi anapatikana. Anapatikana kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, muulizeni mtu yeyote pale ufukweni.

Asiyepatikana ni mwingine, na huyo mlimpitisha. Mwenzangu mmoja, ambaye hatutasalimiana tena akiisoma barua hii, aliwasilisha tasnifu yake wiki ileile niliyowasilisha mimi. Marejeleo yake hayakuwa na duara jekundu hata moja. Mkayasifu hadharani, mkayatoa kopi, mkayabandika ubaoni tuyaige. Nami kwa wivu nikaenda kuyaiga. Nikachukua makala aliyoitaja, nikaitafuta. Jarida lipo. Toleo lipo. Kurasa alizozitaja zina makala ya watu wengine kabisa kuhusu ufugaji wa samaki. Nikatafuta ya pili, haipo. Ya tatu, mwandishi yupo lakini hajawahi kuandika kitu kama hicho. Nilipomwuliza mwenzangu alicheka, akaniambia ChatGPT ilimpa orodha nzima kwa dakika moja, "na APA yake, yaani, imenyooka!"

Imenyooka kweli, lazima niseme haki. Mizimu ile ilikuwa na nukta zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Zamani, tukiwa shahada ya kwanza, tulikuwa tunadesa, yaani tunanakili kazi za wenzetu, na desa lilipita mikono mingi hadi jina la aliyeliandika likafutika kwa jasho. Lakini nyuma ya desa palikuwa na mtu. Siku hizi tunadesa kutoka kwa asiyekuwepo, tunamtaja kwa utaratibu, na kamati inampigia makofi.

Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuni zilizotungwa na ChatGPT hiyohiyo, zikiwa na majina ya wadaawa na namba kamili. Mtego haukuwa wa kitaalamu. Mawakili wa upande wa pili walikwenda kuzitafuta kesi hizo wakazikosa, basi.

Ndiyo maana ninaandika. Siombi mnirehemu nukta, nimeshaisimamisha. Naomba jambo dogo: kila tasnifu itakapoletwa, mjumbe mmoja achague marejeleo matatu, yoyote, kwa kufumba macho akipenda, kisha aende kuyatafuta. Aone kama kitabu kipo, kama ukurasa upo, na kama mwandishi alisema kile alichosingiziwa. Maktaba iko ghorofa ya chini na hufunguliwa saa mbili asubuhi. Anayeogopa ngazi, nitamsindikiza, nazijua zote 14.

Ombi la pili ni fundi arudishwe mahali pake, kwa jina lake kamili alivyolitaja mwenyewe, pamoja na baba yake na yule mwalimu wa Lamu. Na lile neno la mlingoti, kama alivyotaka, lisiandikwe kwa jina lake.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa mwaka wa tano,
Shahada ya miaka miwili.

Nakala: Fundi, Bagamoyo. Nitampelekea kwa mkono, kwa kuwa kwenye orodha yenu hapatikani.