Vichwa Vitatu, Namba Moja

Mwenye treni za mfano huuchukia waya wa rimoti kuliko kutu. Meza ya reli imezunguka gereji nzima, waya wenyewe hauzidi mita mbili. Behewa likiacha njia kona ya mbali, dereva anaweka rimoti chini, anapenya chini ya meza, analirudisha relini, kisha anarudi akiwa na buibui kichwani. Programu za simu zilipokuja kuchukua nafasi ya rimoti hiyo, wengi walizipokea kwa mikono miwili.

Mpango wenyewe hautishi. Kisanduku cha amri kinaunganishwa na reli na kompyuta, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, yenye programu ya bure ya JMRI. Simu ya Android inawekewa programu ya Engine Driver. Katika mfumo huu, uitwao DCC, umeme uko relini muda wote na amri hupita humohumo. Kila kichwa cha treni kina dikoda ndogo ndani, ambayo husikiliza namba yake tu na kuziacha za wenzake.

Hayo ni ya kwenye maelekezo.

Sasa mchukue babu mstaafu wa Uingereza aliyenunua vichwa vitatu vipya na kuvipanga vyote relini, mjukuu akiwa pembeni. Dikoda karibu zote hutoka kiwandani zikiwa na namba 3, kama darasa ambamo kila mtoto anaitwa Juma. Babu anaongeza mwendo kidogo, vyote vinaondoka. Kimoja kinaingia handakini. Viwili vilivyokuwa vimetazamana vinavamiana uso kwa uso, kwa kuwa katika DCC "mbele" ni upande wa pua ya injini, si upande anaoutaka dereva.

"Babu, vyote vinakutii!" mjukuu anashangilia.

Dawa ni kubadili namba, kichwa kimojakimoja, juu ya kipande cha reli kilichotengwa. Babu ana haraka, anafanya kazi hiyo palepale mezani. Anaandika 4468, namba ya Mallard, injini ya mvuke iliyofikia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Lakini amri ya namna hiyo haitaji jina la mlengwa: kila dikoda iliyo relini inaipokea. Sasa gereji ina Mallard tatu, mojawapo ikiwa injini fupi ya dizeli ya kupangia mabehewa. Bahati nzuri dikoda nyingi zina njia ya kuzirudisha hali ya kiwandani. Zikisharudi, zote ni namba 3.

Namba zikikaa sawa, inabaki simu. Ruta ya Wi-Fi inayoiunganisha simu na kompyuta ya treni haijaunganishwa na intaneti, na simu ikiligundua hilo huhamia data kimyakimya bila kuaga. Kisanduku kinaendelea kurudia amri ya mwisho, kwa hiyo treni inazidi kukata kona huku babu akisugua kioo kwa kidole. JMRI ina ulinzi wake: simu ikinyamaza kwa sekunde chache, treni inasimamishwa. Babu, asiyejua hayo, anahitimisha kuwa injini imekufa, anaifungua na kuipoteza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Kesho yake simu iko hewani vizuri, ila bibi anapasha maziwa jikoni, na maikrowevu yake inatumia masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo Wi-Fi nyingi hutumia.

Kioo nacho hakina kirungu cha kuzungusha. Macho yakiwa kwenye treni, kidole kinateleza. Ndiyo maana Engine Driver huruhusu mwendo upandishwe na kushushwa kwa vitufe vya sauti vya simu. Siku honi ya Mallard ilipozidi kelele, babu alibonyeza kitufe cha kupunguza sauti. Treni ikasimama. Honi ikaendelea.

Mjukuu hakuona tatizo. Alichukua simu ya bibi, akaiwekea programu ileile na kumwonyesha vitufe viwili. Tangu hapo bibi haji tena kugonga mlango wa gereji. Ugali wa wazungu, yaani viazi, ukiiva, anapiga honi mara mbili akiwa jikoni, na wasipotokea anazima umeme wa reli zote.