Jinsi ya Kufundisha Kemia kwa Mfuko wa Simiti

Mwalimu wa Kemia wa Kitengela, weka chini chaki. Najua umepanga kuandika mlinganyo ubaoni, watoto waunakili, waukariri, wauteme kwenye mtihani na kuusahau kabla likizo haijaanza. Hiyo si Kemia, ni imla yenye herufi kubwa na vijinamba. Na maabara iliyofungwa kwa kufuli mwaka mzima ikisubiri wakaguzi haijamfunza mtoto yeyote kitu.

Toka nao nje. Kitengela nzima ni mjengo. Omba ruhusa, simameni mahali salama karibu na zege lililomwagwa jana, mtazame fundi akilimwagilia maji. Waulize wanafunzi: kama simiti hukauka, mbona inanyweshwa? Usiwape jibu, waache wabishane mpaka wafike shuleni.

Huko finyanga donge la udongo wa mfinyanzi na maji, ulianike juani. Kisha vaa glavu, kwa kuwa simiti mbichi huchoma ngozi, utengeneze donge la simiti la ukubwa uleule. Hili lifunike kwa kitambaa chenye maji, na kisikauke wiki nzima. Siku ya hukumu yatumbukize yote mawili ndani ya beseni, na usiseme neno. Viputo vitapanda kutoka kwenye udongo, kingo zitamomonyoka, maji yatageuka rangi, na baada ya muda litabaki tope tupu. La simiti litakaa palepale, gumu vilevile.

Sasa sema. Udongo ulikuwa umekauka tu: maji yalitoka, na yaliporudi ukarudi kuwa tope. Mtoto aliyemwona nyanya yake akikandika nyumba upya baada ya mvua anaujua ukweli huu kuliko kitabu. Kwenye simiti maji hayakuondoka. Yaliungana na kalisi na silika, kikazaliwa kitu ambacho hakikuwemo mfukoni wala ndooni. Ndiyo maana fundi anamwagilia: zege likikosa maji mapema, mmenyuko unakatika njiani na nyumba inabaki dhaifu.

Simiti yenyewe ina historia ya hapa hapa. Mawe ya chokaa huchimbwa katika kaunti yetu ya Kajiado, yakapelekwa viwanda vya Athi River, yakachanganywa na udongo na kuchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto zipatazo 1,450. Humo jiwe hupoteza gesi ya kaboni dioksidi. Mwonyeshe mtoto jinsi ya kuirudisha: koroga chokaa ya kujengea ndani ya maji, iache itulie, chuja maji maangavu. Avae miwani ya maabara, apulize taratibu kwa mrija, asivute hata kidogo. Maji yatageuka meupe kama maziwa. Weupe huo ni kalisi kaboneti, kitu kilekile kilicho kwenye mawe ya chokaa. Mtoto wa Kajiado ametengeneza jiwe la Kajiado kwa pumzi yake! Akizidi kupuliza, weupe utapotea tena; usimkataze, umepata kipindi cha pili.

Usisahau magadi, maana yako jikoni kwa wengi wanaopika githeri. Yakamulie ndimu, wasikilize yanavyochemka bila moto. Kampuni ya Magadi Soda ilianza mwaka 1911, na hadi leo madini ya trona yanachotwa Ziwa Magadi na kupashwa moto mpaka yatoe mvuke na kaboni dioksidi, ibaki soda ya kutengenezea kioo. Mchanga, soda na chokaa: yeyushe vyote pamoja kwenye tanuri kali upate kioo. Kaunti yetu hii moja ina vyote vitatu, na bado tunafundisha kioo kwa picha ya kiwanda cha Ulaya.

Malizia kwa mtego. Karakana ya Kitengela Hot Glass huyeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na kupuliza bilauri. Je, hapo kimezaliwa kitu kipya? Mkono wa kwanza utasema ndiyo, kwa sababu dirisha limekuwa bilauri. Muulize ndani ya kioo nini kimeungana na nini. Akinyamaza, mpe nafasi. Kioo kimeingia na kioo kimetoka, lakini mwache alifikie hilo mwenyewe, hata kengele ikilia.