Utukufu wa Fremu na Karatasi Yake

Sifa nyingi hapa duniani hufikishwa nyumba isiyo yake. Mpita njia wa Mwanjelwa jijini Mbeya, au wa Miyomboni mjini Iringa, akiona nembo ya shule imetulia vizuri kifuani mwa sweta, humsifu fundi, huisifu mashine, na uzi nao husifiwa kwa kung'aa kwake. Hakuna anayeitaja fremu, zile pete mbili zilizokibana kitambaa, wala karatasi nyeupe iliyolala nyuma yake ikitobolewa na sindano bila kunung'unika. Mafundi wenyewe huwasema vibaya wawili hao: wanachelewesha kazi, wanaumiza vidole, wakikosewa kidogo wanadai kuanzwa upya. Haki inatutaka tuseme wazi kwamba katika ufundi wote wa kudarizi kwa mashine hakuna watukufu kuliko hawa wawili, na kwamba usumbufu wao ndio ukarimu wao.

Ushahidi wa kwanza ni hesabu. Mashine za kazi hii hupiga mishono 600 hadi 1,000 kwa dakika, na nembo ya kifuani humeza maelfu ya mishono. Kila mshono unapokaza huvuta kitambaa kidogo kuelekea kwake. Mvuto wa mshono mmoja hauonekani. Mvuto wa maelfu hulifanya duara kuwa yai, hukunja kingo na kupandanisha herufi za jina la shule. Atasema mtu kwamba kofia za pwani zimedariziwa kwa mkono miaka na miaka pasipo ubanaji wa namna hii. Ni kweli, lakini mkono una kidole kinachohisi uzi umezidi kukaza, kikaulegeza. Mashine haihisi kitu. Hufuata mchoro iliopewa, hata kama kitambaa kimeshahama. Kazi ya kukizuia kisihame imeachiwa fremu, nayo haijawahi kudai posho.

Huku Nyanda za Juu Kusini sifa hizo huongezeka, kwa sababu baridi ya Juni na Julai imeifanya sweta kuwa sehemu ya sare, na hakuna nguo yenye hila kama sweta. Fundi mwenye bidii kupita kiasi huivuta ndani ya fremu mpaka inakaza kama ngozi ya ngoma, kisha anajipongeza. Nembo inashonwa juu ya matanzi yaliyotanuliwa. Sweta ikitolewa inarudi katika upana wake, nyuzi za nembo zinagoma kurudi, na kifua cha mtoto kinaota vilima vingi kuliko milima ya Uporoto. Fremu haikuomba kuvutiwa kitu. Inataka skrubu ilegezwe kwanza, pete ya nje ikae chini, karatasi ifuate, sweta ilazwe juu yake kwa unyoofu wa nyuzi zake, ndipo pete ya ndani ishuke. Ibane bila kuvuta: somo ambalo watawala wengi wamelikosa. Karatasi nayo ipite kingo zote za fremu, na kwa sweta iwe ile ya kukatwa kwa mkasi, inayobaki nyuma ya nembo mpaka sweta ichakae. Ile ya kuchanika inafaa kitambaa kigumu kisichonyumbuka; ukiiweka kwenye sweta, inaondoka mapema na kuiacha nembo ipambane peke yake na beseni la kufulia.

Wapinzani hawakosi. Wanasema fremu huacha alama, na kwenye mahameli alama hiyo huweza kukaa. Tunakubali. Ndiyo maana wajanja hubana karatasi peke yake, kisha wakagandisha nguo juu yake, na kutangaza kwamba sasa wamejikomboa. Lakini kilichobanwa ni nini? Karatasi. Kimebanwa na nini? Fremu. Wamempindua mfalme wakamwacha kitini. Wengine hulalamikia gharama, wakaweka gazeti. Gazeti likishatobolewa mara elfu hubaki vumbi lenye habari za jana. Waliobaki hulilia muda, nao wajibiwe kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta: dakika chache za kubana upya ni nafuu kuliko kufumua maelfu ya mishono kwenye sweta ambayo, fundi akiteleza na wembe, itafumuka pamoja na nembo.

Hawa wawili hawasifiwi kwa kuwa kazi yao, ikifanikiwa, haionekani. Huonekana walipopuuzwa tu. Dawa yake ni rahisi, na iko mikononi mwa mzazi anayenunua sare. Kabla hujalipa, igeuze sweta ndani nje. Ukikuta karatasi imekatwa kwa adabu kuizunguka nembo, lipa bila kuomba punguzo. Ukikuta patupu, mrudishie fundi sweta yake, kwa heshima zote.