Basi Halirudi Nyuma

Baba Rehema alistaafu udereva wa basi akiwa na goti bovu, na goti lilipofanyiwa upasuaji, hospitali ikamrudisha nyumbani na amri moja: mguu juu ya stuli, asubuhi na jioni. Mtu aliyezoea kupakia na kushusha watu wa kaskazini-magharibi mwa London nzima akawa hana abiria ila mimi. Basi akaanza kunikagua. Chai imechelewa. Sufuria ya wali inatoa mvuke upande mmoja. Nani kaacha mlango wa kabati wazi? Siku Rehema alipotuambia ana mimba ya pili, nilimwona babu mtu anaitazama mikono yake, na kabla sijamsogezea vitunguu avimenye, akasema, "Blanketi la mtoto nitalifuma mimi."

Kwetu Tanga kroshia niliijua kwa macho tu: vitambaa vyeupe vya makochi, cha redio, cha juu ya televisheni, vikitiwa wanga na kutandikwa upya siku ya Idi. Kwa hiyo mimi si mwalimu. Mwalimu alikuwa anakaa mlango wa pili.

Ukishuka kituo cha Kingsbury kwenye laini ya Jubilee na kuifuata Kingsbury Road, utapita maduka ya bizari na maembe ya maboksi, na mikahawa inayokaanga mogo, muhogo wetu uleule uliosafiri na Wahindi wa Kampala na Nairobi. Wa Uganda walifika 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 waondoke. Wa Kenya wengi waliwatangulia. Jirani yetu, bibi ambaye mtaa mzima humwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita, alizaliwa Nairobi na akaingia London Februari 1968, siku chache kabla Bunge la Uingereza halijawafungia mlango Waasia wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Kiswahili chake hakijaota kutu. Baba Rehema humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba huku akikagua maua yetu kama yamemwagiliwa.

"Tafuta sindano nambari 8," Ba alimwagiza, "na uzi laini, usiochoma ngozi ya mtoto."

Baba Rehema akaagiza mwenyewe kwa simu. Sindano ikaja, plastiki ya zambarau, nene kuliko penseli. Alifuma nayo jioni nzima, na alichokitoa mvuvi wa Tanga angekitupa baharini kama jarife akangoja papa. Ba alikigeuza, akatia kidole kwenye tundu moja, kikatokea upande wa pili, asiseme neno. Kisha akafungua kopo lake la biskuti, ambalo halijaona biskuti tangu enzi za Kenyatta, akatoa sindano ya alumini iliyopauka, imepigwa chapa ya 8. Nikaleta rula. Ya Ba ilikuwa na unene wa milimita 4. Ya zambarau, milimita 8.

Kumbe wote wawili walikuwa na haki. Sindano za Uingereza za zamani zilihesabiwa kwa kipimo cha waya. Waya huvutwa kwenye tundu, halafu kwenye tundu jembamba zaidi, na kadiri unavyovutwa ndivyo nambari yake inavyopanda; kwa hiyo nambari kubwa ni waya mwembamba. Nambari 8 ya Ba ni milimita 4 za leo, na hiyo ya milimita 8 zamani ingeitwa sifuri. Waingereza wakahamia milimita, nambari zao wakaziacha kwenye makopo ya biskuti ya watu waliowafundisha.

"Sifuri," alisema Ba akimrudishia ile ya zambarau, na mpaka leo sijui alikuwa anaitaja sindano au mwanafunzi.

Masomo yakaanza upya kwa sindano ya Nairobi. Uzi upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Sindano iingie kwenye mshono wa mstari wa chini, ikamate uzi, irudi nao: sasa sindanoni pana vitanzi viwili. Kamata uzi tena, upitishe kwenye vyote viwili, kibaki kimoja. Huo ni mshono mmoja, na blanketi la mtoto linataka maelfu. Baba Rehema aliukaza uzi kwa nguvu ileile aliyoshikia usukani wa basi la ghorofa. Bega lilimpanda mpaka sikioni, na mishono ikabana hata sindano ikakataa kuingia.

"Legeza, bwana," Ba alimwambia. "Uzi hauna pa kukimbilia."

Usiku, akidhani nimelala, alikuwa anatazama masomo ya video chini ya shuka. Mwalimu wa video alikuwa Mmarekani, na katika kroshia jina ambalo Mwingereza hulipa mshono mfupi, Mmarekani hulipa mshono mrefu. Asubuhi kitambaa kikawa na mistari myembamba ya Ba na mistari mipana ya Marekani, imepishana. Ba alikiangalia dakika nzima.

"Nani mwingine anakufundisha?" aliuliza, kwa sauti ambayo mimi kwa miaka yangu yote ya ndoa sijawahi kuhitaji kuitumia.

Mmarekani akafukuzwa. Blanketi likaanza tena, mnyororo wa mishono 120, na safari hii lilikwenda vizuri. Kitambaa kilikuwa laini na bapa. Tatizo lilikuwa umbo. Kila mstari ulipofika mwisho, mshono wa mwisho ulikuwa umejificha nyuma ya ule mnyororo mdogo wa kupandia mstari mpya, na Baba Rehema, asipouona, aligeuza kazi na kuendelea. Mshono mmoja ukipotea haudai chochote. Kufikia mstari wa 80, kati ya mishono 120 ilikuwa imebaki 40, na pande zote mbili za blanketi la mjukuu zilikuwa zinapanda kwa mshazari kuelekea kwenye ncha.

"Fumua," alisema Ba.

"Hapana."

"Fumua mpaka chini, uanze kwa kuhesabu."

"Ba, mimi ni dereva. Kituo kikishapita kimepita. Basi halirudi nyuma."

Akaanza kulitetea. Kwanza ni shali. Halafu ni mtindo. Halafu akamleta John Logie Baird, aliyekuwa na kituo chake cha majaribio ya televisheni hapahapa kwetu, Roe Green Park, mwishoni mwa miaka ya 1920. "Televisheni ya Baird ilianza na mistari 30 tu," alitutangazia, "na Waingereza wakapiga makofi. Mimi ninayo 80." Ba akafunga kopo lake akaenda zake.

Rehema alikuwa ameanza kliniki, na Latifa, binti yake mkubwa, alikuwa analala kwetu ili awahi shule. Asubuhi moja Baba Rehema alisinzia kwenye kochi baada ya dawa ya maumivu, kitambaa mapajani, sindano imechomoka na kuanguka. Donge la uzi likaviringika likatumbukia kwenye mkoba wa Latifa uliokuwa wazi sakafuni. Latifa akafunga zipu, akaubeba mkoba mgongoni, akaniaga na kutoka mbio. Mlango aliuacha haujakaza, kama kawaida yake.

Sasa, mfumaji wa sindano mbili huwa na mishono hai mingi kwa wakati mmoja. Ukivuta uzi, kazi hukwama hapa na pale. Kroshia huwa na kitanzi kimoja tu kilicho hai. Kile cha mwisho ndicho kinachowashikilia wote waliotangulia, na kikiteleza hakuna wa kumzuia mwenzake. Zipu iliubana uzi upande wa donge, kwa hiyo kila hatua ya Latifa ilitoza kutoka upande wa pili, yaani mapajani mwa babu yake. Donge la gramu 100 la uzi wa aina ile lina karibu mita 300, na sehemu kubwa ilikuwa imeshafumwa. Mtaa wetu hauna urefu huo.

Nilikuwa jikoni. Niliposikia kelele nje, nilidhani ni watu wa takataka. Ba ndiye aliyeuona: uzi wa rangi ya krimu umevuka geti letu, umepita juu ya ua wa jirani, umemzunguka mtu wa posta aliyesimama mguu mmoja juu, unaelekea Kingsbury Road. Akaufuata. Alimkuta Latifa kituoni, basi la 183 limeshafungua mlango.

"Mtoto, simama!" alipiga kelele. "Unaondoka na babu yako!"

Kisha akarudi taratibu, akiuviringisha uzi mkononi hatua kwa hatua, mpaka akaingia sebuleni na donge kubwa kuliko tulilonunua. Baba Rehema alifumbua macho. Mapajani alikuwa amebakiwa na mnyororo wa mwanzo na kipande cha unene wa kidole.

"Marahaba," alisema Ba, hata kabla hajaamkiwa.

Hapakuwa na la kutetea. Ba alifunga kipande cha uzi mwekundu kwenye mshono wa kwanza na kingine kwenye mshono wa mwisho, akamwamuru ahesabu kila mstari kwa sauti mpaka afike 120. Hapo nyumba ikaingia taabu mpya. Wifi yangu alipiga simu kutoka Tanga, akauliza, "Kaka, hujambo?" akajibiwa, "Sabini na nane!" akaanza kulia akidhani ndugu yake amepata kiharusi. Daktari wa goti aliambiwa angoje mpaka mia na ishirini. Mimi mwenyewe nilijikuta natia vikombe vya mchele kwa hesabu ya blanketi.

Lakini kingo zilinyooka. Na mtu aliyekuwa harudi nyuma akagundua kwamba kurudi hakuumi: unachomoa sindano, unavuta, kosa linatoka, uzi unabaki mzima. Akaonja, akanogewa. Mshono ukikaza kidogo, anafumua mistari mitatu. Mstari ukilegea, anafumua mitano. Nililala blanketi likiwa limefika magotini, nikaamka limerudi mapajani. Rehema akajifungua mtoto wa kiume, mtoto akafikisha arubaini, akaanza kucheka na watu, blanketi bado linakwenda na kurudi.

"Nilimfundisha kufumua," Ba aliniambia. "Nilisahau kumfundisha kuacha."

Tuliamua wanawake watatu. Rehema alilikamata blanketi upande mmoja, mimi nikamshika mkono bwana wangu, Ba akakata uzi kwa mkasi, akaupitisha kwenye kile kitanzi kimoja, akakaza fundo.

"Mstari wa 11 una kosa!" Baba Rehema alilalamika.

"Mtoto hajui kuhesabu," Ba alimjibu.

"Atakuja kujua," alisema, na jioni hiyohiyo akaanza la pili.