Kiyoyozi Kimetoka, Bei Imebaki

Hongera tajiri, hatimaye umeamua kiyoyozi kibovu king'olewe kwenye lori lako kuukuu. Ile kompresa ilikuwa imekaa pale kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia: kazi hafanyi, kelele tele.

Fundi wako hana makuu. Kalegeza nati ya paipu, fyuuu, gesi yote hewani. "Imeisha hiyo, bosi." Ni R-12 ya magari ya zamani, mtoboa ozoni, gesi ambayo mataifa yaliikalia kikao Montreal mwaka 1987. Mashine ya kuinyonya ipo, ila si chini ya mwembe huu.

Kompresa ikatoka. Kumbe mkanda wake ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji na oltaneta! Sasa umepwaya, unatakiwa mfupi zaidi, na fundi anapima urefu kwa kamba ya kiatu. Kondensa nayo imeondolewa mbele ya rejeta. Hapo tuseme kweli, injini inapata upepo. Dereva atapata wake dirishani, pamoja na vumbi, hadi Tunduma.

Swichi ya kiyoyozi umeagiza isiguswe. Mnunuzi akija, ataibonyeza.